Matanga ya Pazi Yalivyogeuka Sikukuu

Siku hiyo mjinga alikuwa Hizza Tendwa, na mwenyewe hakatai. Ukimuuliza leo atakuambia, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki, kwamba katika Jamhuri nzima ya Sandali, yenye watu milioni tisa bila kuhesabu waliokawia, hapakuwa na wa kumzidi ujinga asubuhi ile alipochukua kalamu ya serikali na karatasi ya serikali ili kuidanganya serikali. Tena hakukurupuka. Alifikiri siku tatu nzima, akarudia kufikiri, ndipo akaufanya ujinga wenyewe kwa mwandiko mzuri.

Lakini hao waliokawia lazima waelezwe kwanza, maana msomaji wa nchi nyingine, yenye bahati ya kuwa na serikali inayosema kweli, anaweza asielewe.

Sandali ilikuwa vitani mwaka wa tatu. Serikali haikulipenda neno vita, ikaliita jambo lile Zoezi la Kuwakumbusha Ndugu. Watu wa mkoa wa Bondeni walikuwa wamesahau kwamba wao na wa Mlimani ni ndugu, wakataka bendera yao wenyewe, kwa hiyo walikuwa wakikumbushwa kwa mizinga. Mwezi wa nane vikosi kumi na viwili vikavuka Mto Kiwewe. Redio ikatangaza ushindi, bendi ya polisi ikapita barabarani ikipuliza tarumbeta, shule zikafungwa nusu siku. Wiki ikapita, mwezi ukapita, hakuna aliyerudi. Waziri wa Zoezi, Mheshimiwa Gombera, mtu mwenye shingo nene na sauti nyororo, akawaita waandishi wa habari akawaeleza kwa subira kwamba vijana wetu wameshinda mbali mno. Kurudi kutoka kwenye ushindi wa mbali namna ile kunachukua muda. Hawajafa, akasema, kwa kuwa Jeshi la Sandali halina desturi hiyo. Wamekawia.

Neno lenyewe lilitoka mezani kwa Hizza. Alikuwa karani daraja la nne katika Idara ya Maneno ya Wizara ya Zoezi, na kazi yake ilikuwa kutafuta maneno yatakayopita kooni mwa wananchi bila kukwama. Mkurugenzi wake, Bwana Mlekwa, alimtaka alete neno la watu waliokwenda na hawatarudi, lisiwe kufa wala kupotea. Hizza akaleta matatu: wametangulia, wamepumzika, wamekawia. Mawili ya kwanza yalinuka makaburi. La tatu likapigwa muhuri kabla ya chai ya saa nne, na Hizza akapewa maandazi mawili ya ziada akayala yote. Hakujua bado ni akina nani hao waliokawia. Wiki mbili baadaye akajua kwamba mmoja wao ni Pazi.

*

Pazi alikuwa fundi baiskeli, mtoto pekee wa Shangazi Chausiku, dada wa baba yake Hizza. Shangazi ndiye aliyemlea Hizza tangu mama yake alipofariki. Hizza na Pazi walilala mkeka mmoja, wakachapwa kwa fimbo moja, wakagombania ukoko wa sufuria moja. Habari ililetwa na askari mwenzake Pazi, aliyerudi kwa kuogelea na sasa anajifanya muuza mkaa ili asitambuliwe. Alimwambia Shangazi kila kitu. Ilikuwa tarehe tisa, kabla ya saa sita mchana, na Pazi alikuwa ameshika kamba ya kuvushia wenzake. Walioshika kamba hawakupona hata mmoja.

Shangazi hakulia mbele ya mgeni. Alimpa uji, akasubiri amalize, akamsindikiza mpaka uani. Kisha akamwita Hizza akamweleza anachotaka. Alitaka kitu kimoja tu, nacho ni matanga. Watu waje, waketi chini, wapike, walale hapo, na jina la Pazi litajwe kama linavyotajwa jina la marehemu, si kama la mtu aliyekosa basi.

Hapo ndipo penye tabu. Waraka Namba Arobaini na Nne ulikuwa umekataza kumwekea matanga mtu aliyekawia. Mkeka ulioonekana umetandikwa uani ulichukuliwa. Mke wa aliyekawia hakuruhusiwa kukaa eda, maana kukaa eda ni kumtukana mume aliye njiani. Sufuria zote zinazozidi lita ishirini ziliandikishwa polisi, na moshi mwingi ukionekana nyumba isiyo na harusi, askari walikuja kuonja. Mtaa wa nyuma, jamaa mmoja aliyempikia mdogo wake maharage ya matanga alikamatwa yeye na maharage. Yeye alirudishwa.

Sasa, kila aliyewahi kwenda msibani anajua jinsi matanga yanavyokwisha. Msemaji wa familia husimama, hukohoa, hutoa neno la shukrani. Hushukuru majirani, waliochanja kuni, walioteka maji, waliochimba kaburi, na yule mzee ambaye hakufanya chochote ila alikuwepo. Hizza akakaa na jambo hilo siku tatu. Akajiambia kwamba neno la shukrani ni mkia wa matanga. Akiomba kibali cha mkia peke yake, ng'ombe mzima ataingia nyuma yake bila kuulizwa.

Basi akaandika. Bibi Chausiku Tendwa anaomba kibali cha kufanya Kikao cha Shukrani nyumbani kwake kwa muda wa siku nne, chenye mikeka kumi na miwili na sufuria moja ya lita arobaini. Penye sababu akaandika: kushukuru kwa jumla. Akaipeleka barua kwa Bwana Mlekwa, akarudi mezani akiwa anajiona mjanja kiasi kwamba alipiga mluzi.

*

Bwana Mlekwa aliisoma barua ile mara ya kwanza akiwa amekaa. Mara ya pili aliisoma amesimama. Mara ya tatu hakuimaliza, alikuwa tayari yuko kwenye ngazi anakwenda kwa Waziri.

Wakati ule uchaguzi ulikuwa umebaki wiki kumi, na serikali ilikuwa na shida. Wapiga kura wengi walikuwa wamekawia, na wale ambao hawakukawia walikuwa mama zao. Baraza la Mawaziri lilikaa siku mbili. Waliokuwamo ndani wanasimulia kwamba mawaziri walibishana kama watu wanaogawana nyama, hadi Mheshimiwa Gombera alipoishika barua ya Hizza juu na kuwatuliza. Wananchi wanataka kukusanyika, akasema, wanataka kupika pamoja na kulia pamoja. Tukiwazuia watalia dhidi yetu. Tukiwaalika sisi wenyewe, watalia kwa niaba yetu.

Wakapiga makofi. Ndivyo ilivyozaliwa Siku ya Shukrani ya Taifa.

Tarehe haikuwa rahisi. Tangu zamani kila wilaya ya Sandali ilikuwa na siku yake ya kushukuru, kila moja baada ya mavuno yake, na mavuno hayakuwa na adabu ya kuiva pamoja. Serikali ikasema huo ndio ugonjwa uliowapata Bondeni, kila mtu kushukuru anapojisikia. Ikachaguliwa Alhamisi ya nne ya mwezi wa kumi na moja, kwa sababu mbili: Mkuu wa Nchi alikuwa na nafasi, na uchaguzi ulikuwa Jumatatu yake. Kwamba mwezi huo mahindi ya Mlimani yanakuwa bado hayajatoa hata mbelewele lilikuwa jambo la mahindi, yalitakiwa yajirekebishe. Kwamba ya mwaka uliopita yalikuwa yamechukuliwa yote na jeshi lilikuwa jambo la kushukuru tayari.

Kila kaya iliagizwa kula kuku. Kuku nao walikuwa wameshaingia jeshini. Wizara ikatoa maelezo kwamba kaya isiyo na kuku itapewa picha ya kuku yenye muhuri, ibandikwe ukutani mahali inapoonekana kutoka mlangoni, na familia iwe inakula ugali wake huku ikiitazama.

Ikaja Fomu ya Shukrani, nakala tatu. Swali la nne lilisema: Nashukuru kwa ajili ya, kisha nukta nyingi. Wakuu wa mitaa walikatazwa kupokea fomu yenye neno amani, kwa kuwa mtu anayeshukuru kwa amani anaonyesha kuwa anaitaka, na huko ni kuwavunja moyo walio mbele. Afya iliruhusiwa kwa wenye nayo. Watu wakakuna vichwa. Mwisho wa yote, theluthi mbili ya wananchi walishukuru kwa ajili ya fomu.

Lililobaki lilikuwa machozi. Serikali haikuwa na ugomvi na machozi ya furaha, ila itayajuaje? Kazi hiyo ikapelekwa Idara ya Maneno, na Hizza, ambaye sasa alikuwa amepandishwa kutoka daraja la nne hadi la pili kwa ubunifu, akajikuta anaupiga taipu uamuzi wa wakubwa zake: machozi ya furaha humtoka mtu akiwa amesimama, ya huzuni humtoka akiwa ameketi chini. Kwa hiyo siku hiyo hakuna kuketi chini. Wakaguzi wa Machozi mia sita waliajiriwa, kila mmoja na daftari na kofia ya njano.

Hizza alipofika kwenye neno mikeka katika orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku, mashine yake ilikwama. Haikuwa na kosa lolote ile mashine.

*

Alipokwenda kwa Shangazi alimkuta uani anachambua mchele. Akakaa kwenye kigoda, akazunguka zunguka na maneno. Akamweleza kuhusu sikukuu, kuhusu kuku wa karatasi. Shangazi akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Nilikutuma matanga, Hizza," akasema. "Umeniletea ngoma."

"Shangazi, mimi nilidhani..."

"Najua ulivyodhani. Ulidhani utawapita kwa maneno. Wao ndio waliokuajiri kwa ajili ya maneno, ungewapitaje?"

Hizza bado alikuwa na lililo kubwa zaidi, na ilibidi alitoe. Kwa kuwa ombi la kwanza la kushukuru katika historia ya Sandali lilikuwa na jina la Chausiku Tendwa, yeye ndiye aliyeteuliwa kuwa Mshukuru wa Kwanza wa Taifa. Alhamisi atapandishwa jukwaani uwanja wa mpira, atapewa kitenge chenye sura ya Mkuu wa Nchi, na mbele ya watu elfu hamsini na redio atasema sentensi moja. Hizza akaitoa karatasi mfukoni akamsomea: Mimi mama wa Pazi ninaishukuru Serikali kwa mwanangu aliyekawia.

Shangazi akaendelea kuchambua mchele. Alitoa jiwe, akaliweka pembeni. Akatoa jingine.

"Na nisiposema?"

Hizza akasema hakuna neno, ni ombi tu la serikali, na wanaheshimu sana wazazi. Lakini Shangazi alikuwa amemlea mtu huyo, alimjua anapodanganya tangu hana meno ya mbele. Alimtazama tu mpaka akasema mwenyewe. Bwana Mlekwa alikuwa amempa barua mbili siku moja, moja ya kumpandisha daraja la kwanza, nyingine ya kumpeleka Kikosi cha Kuwahimiza Waliokawia, kilichokuwa kinavuka Mto Kiwewe Ijumaa. Zote zilikuwa na saini. Iliyobaki ilikuwa tarehe tu.

"Wamebakiza mmoja," Shangazi akasema polepole, "wakaona ni mwingi."

"Nimekuja nikuombe, Shangazi. Ni sentensi moja. Pazi mwenyewe angekwambia useme."

"Pazi angesema niseme, kweli. Alikuwa na moyo mwepesi, mtoto yule." Akasimama, akakung'uta makapi kwenye kanga yake. "Nikisema amekawia, Hizza, nitakuwa nimemwacha mtoni. Hatakuwa na msiba hapa duniani maisha yake yote, maana mama yake mwenyewe amesema yuko njiani. Unanielewa?"

Alielewa. Hiyo ndiyo taabu ya kulelewa na mtu, unamwelewa hata pale ambapo hutaki.

"Nitapanda," akasema Shangazi. "Kwa ajili yako nitapanda hilo jukwaa lao. Nikishafika juu tutaona mdomo utasema nini."

*

Alhamisi jua lilikuwa kali. Watu elfu hamsini walisimamishwa kuanzia saa mbili asubuhi, kila mmoja na picha yake ya kuku, na wakaguzi wenye kofia za njano wakipita katikati yao wakiwachungulia machoni. Mkuu wa Nchi hakuweza kufika kwa sababu za usalama, akatuma kiti chake. Kiti kikapigiwa wimbo wa taifa, kikakagua gwaride, kikawekwa kivulini.

Mheshimiwa Gombera alihutubia kwa muda wa saa mbili. Alisema hakuna taifa duniani lililopewa mengi ya kushukuru katika muda mfupi kama Sandali. Alisema ndugu zetu wa Bondeni watatuonea wivu kwa sikukuu hii, na wivu utawarudisha nyumbani. Wazee watatu walianguka kwa jua wakaandikwa kuwa wamezidiwa na shukrani.

Ndipo Shangazi Chausiku akapandishwa. Alivikwa kitenge kile, na sura ya Mkuu wa Nchi ikaangukia mahali pa kukalia, ikabidi kizungushwe. Hizza alikuwa nyuma yake na karatasi, kazi yake ikiwa kumnong'oneza maneno akisahau. Kipaza sauti kikashushwa mpaka mdomoni kwake.

"Haya, mama yetu," akasema Mheshimiwa Gombera kwa ile sauti nyororo. "Taifa linakusikiliza."

Shangazi akanyamaza. Bwana Mlekwa, aliyekuwa safu ya mbele, akamfanyia Hizza ishara ya macho. Hizza akainua karatasi. Akayaona maneno yake mwenyewe, taipu yake mwenyewe, na katikati neno lile alilolipiwa kwa maandazi mawili.

"Soma wewe kwa niaba yake," akanong'ona Mheshimiwa.

"Samahani, Mheshimiwa," akasema Hizza. "Miwani nimeiacha nyumbani."

Miwani ilikuwa puani. Kila mtu jukwaani aliiona. Bwana Mlekwa alitoa kalamu mfukoni hapo hapo, akaandika tarehe.

Kwa hiyo wasomaji wasihangaike, mambo mengine yote yalikwenda kama yalivyopangwa. Ijumaa Hizza alivuka mto na kikosi chake kwenda kuwahimiza waliokawia, na yeye naye akakawia miezi saba, akarudi na nusu ya uso. Jumatatu serikali ilishinda uchaguzi kwa kura nyingi, zikiwemo za vikosi kumi na viwili vilivyopiga kura kutoka huko viliko, wote upande mmoja. Vita viliisha, Bondeni ikakumbuka, mikataba ikasainiwa. Sikukuu ikabaki. Hadi leo watoto wa shule za Sandali hupaka rangi picha za kuku kila Alhamisi ile, na kitabu cha historia kinasema siku hii ilianzishwa na mama mmoja mzalendo aliyeiandikia serikali barua kwa mkono wake.

Kitabu hakisemi kilichotokea jukwaani. Redio nayo ilikatika pale pale na kupiga bendi ya polisi. Lakini waliokuwapo uwanjani waliona, na wanakumbuka.

Shangazi alikikaribia kipaza sauti kana kwamba anaongea na jirani juu ya ukuta. Akasema mwanangu Pazi alikufa tarehe tisa mwezi wa nane, kabla ya saa sita mchana, akiwa ameshika kamba. Basi. Hakupandisha sauti. Kisha akakunja kanga yake vizuri chini ya kile kitenge, akaketi chini, sakafuni mwa jukwaa, miguu ameinyoosha kama mwenye msiba.

Mbele kabisa ya uwanja mama mmoja akaketi. Halafu aliyekuwa kando yake. Halafu wakawa wanaketi kwa safu nzima, kama majani yanayolazwa na upepo, picha za kuku wamezikalia, na majina yakaanza kusikika, la huyu na la yule, tarehe tisa, tarehe tisa, tarehe kumi. Wakaguzi wa Machozi wakafungua madaftari, wakaandika mpaka kurasa zikaisha, kisha mmoja wao akavua kofia ya njano akaketi pia.

Mheshimiwa Gombera akaona sikukuu yake inamponyoka. Akainama juu ya Shangazi pale alipoketi, na ule unyororo ukamtoka sautini. Akamwambia serikali hii imekujengea barabara, imekupa redio, imemfundisha mwanao kusoma, leo imekupa siku nzima ya kalenda, siku yenye jina. Wewe ni mtu mzima, una mvi. Kweli hujui kusema asante?

Shangazi Chausiku akainua uso akamtazama.

"Asante husemwa na aliyepewa, Mheshimiwa. Mimi ndiye niliyetoa. Haya sema, nakusikiliza."